Kompyuta imegoma kuwaka, mafaili yako wapi? Mwongozo wa bakapu kabla hujabonyeza Reset

Kila wiki swali ni lile lile, linabadilika sauti tu. Mwanafunzi wa Malimbe analeta laptopu imegoma na risachi yote iko ndani, mwenye stesheneri ya Igoma anapiga saa mbili usiku, mwalimu katoka Sengerema na mashine imefungwa kwenye khanga. Wote wanauliza: "Fundi, si Windows ina sehemu yake ya kurudisha? Si nibonyeze tu?" Na tangu Microsoft waache kuihudumia Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025 maswali yamezidi, maana watu wanahamia 11 wakati maisha yao yote yako kwenye diski moja.

Jibu langu ni moja. Vile vitufe kazi yake ni kuirudisha Windows. Barua zako, picha, hesabu za duka, hizo hazijaahidiwa na mtu, zikibaki shukuru. Kinachorudisha kazi yako ni bakapu, yaani nakala ya pili ya mafaili yako uliyoiweka pembeni. Vyote viwili unavihitaji ila bakapu inatangulia, na ndio maana kwenye hatua za hapa chini vitufe vya kurudisha vinakuja mwishoni.

Nadharia kidogo tu, alafu tunaingia kazini

"System Restore" inarudisha mfumo, madraiva (programu ndogo zinazoendesha vifaa kama printa) na programu kwenye hali ya siku ya nyuma. Mafaili yako haigusi, na hapa ndipo watu wengi wanapoelewa nusu: haitayafuta, sawa, ila pia haitakurudishia barua uliyoifuta jana. "Startup Repair" inahangaika na kuwaka tu. "Reset this PC" ni kupiga window upya, yaani kuiweka Windows tena toka mwanzo, bila fundi. Na kuna flashi ya kuokolea, "Recovery Drive", ambayo ndani yake hamna hata picha yako moja.

Ukiacha hiyo flashi, vingine vyote vinakaa kwenye diski ile ile ya kompyuta. Diski ikifa vinakufa nayo, laptopu ikiibiwa kwenye daladala vinaondoka nayo.

Andaa hivi kabla hujaanza

- Kompyuta yenye Windows 10 au 11 ambayo bado inawaka. Kama yako imeshagoma ruka hadi hatua ya 8, haya mengine utarudi.
- Hadidiski ya nje yenye ukubwa angalau mara mbili ya mafaili yako. Kwa wengi TB 1 inatosha na kubaki.
- Flashi TUPU ya GB 32.
- Paswedi ya akaunti yako ya Microsoft au Google. Unayoikumbuka kweli, sio ile uliyofunguliwa na kijana wa dukani siku unanunua laptopu.
- Chaji imejaa na luku ina yuniti. Kazi hii ina sehemu mbili tatu ambazo umeme ukikata katikati unaanza upya au unaharibu, na umeme wetu tunaujua.
- Daftari na kalamu. Utaona kwa nini.

Hatua kwa hatua

1. Jua vitu vyako vinakaa wapi

Wengi wanasema "viko kwenye Documents" alafu tukifungua Documents kuna faili mbili, kila kitu kimejazana Desktop na Downloads. Pitia moja moja: Desktop, Documents, Downloads, Pictures, na kama una D: nayo iangalie. Bonyeza kulia kwenye folda, chagua "Properties", andika ukubwa kwenye daftari, jumlisha. Hiyo ndiyo mizigo yako.

Sasa sehemu inayosahaulika. Kama unatumia programu ya hesabu, ya stoo au ya ada za wanafunzi, data yake mara nyingi haiko kwenye Documents kabisa, iko kwenye folda ya programu yenyewe ndani ya C:. Programu nyingi za namna hiyo zina kitufe chake cha bakapu, kitafute, na ukikiona kielekeze kihifadhi kwenye Documents ili iwe inabebwa pamoja na vingine. Hii nitairudia chini kwa sababu imeshaliza mtu.

Na kama unatumia OneDrive, ile hifadhi ya mtandaoni ya Microsoft, angalia alama pembeni ya faili. Kiwingu maana yake faili halipo kwenye diski yako, lipo mtandaoni, unachokiona ni kivuli. Bonyeza kulia, "Always keep on this device", lishuke kwanza ndipo ulinakili.

2. Tafuta ule ufunguo wa tarakimu 48

Laptopu nyingi za sasa diski yake imefungwa kwa BitLocker, kufuli la Windows lenyewe, hata kama mwenyewe hujawahi kusikia hilo jina. Siku ikigoma, au fundi akigusa mipangilio fulani, inakuuliza ufunguo wa tarakimu 48, na bila huo ufunguo hakuna fundi wa Makoroboi wala wa Kariakoo atakayeifungua. Ingia account.microsoft.com/devices/recoverykey ukiwa na akaunti yako, nakili namba zote kwenye daftari, mwambie mtu akusomee huku wewe unahakiki. Dakika kumi tu. Usiihifadhi kwenye laptopu hiyo hiyo, hiyo ni kufungia ufunguo ndani ya nyumba.

3. Ijaribu hadidiski kabla hujaiamini

Flashi ya "TB 2" inayouzwa barabarani kwa bei ya sahani ya sato na ugali, hiyo sio TB 2. Zimechezewa zionyeshe namba kubwa, ukiweka vitu vikapita ukubwa wake halisi inaendelea kupokea kimya kimya huku inaharibu, na wewe unaona majina ya mafaili yapo unatulia. Kuna programu ndogo ya bure inaitwa H2testw, inaandika diski nzima alafu inasoma tena na kukuambia ukweli. Iendeshe kwenye diski ikiwa tupu, uiache ifanye kazi hata usiku kucha.

Kisha angalia muundo wake: bonyeza kulia kwenye diski, "Properties". Ikiandika FAT32 haitapokea faili linalozidi GB 4. Ifomati kuwa NTFS ingali tupu. Rudia na mimi: INGALI TUPU.

4. Nakala ya kwanza fanya kwa mkono

Najua kuna njia ya otomatiki, inakuja. Ya kwanza nataka uifanye kwa mkono ili ujue nini kimekwenda wapi. Chomeka diski, tengeneza folda iandike tarehe ya leo, mfano "2026-02-13", nakili folda zako zote humo. Tumia Copy, usitumie Cut. Mtu anakata, umeme unaondoka au waya unachomoka katikati, anabaki anauliza mafaili yako upande gani.

Ikimaliza usivute waya tu kama unachomoa chaja ya simu. Kuna kialama chini kulia cha kutolea diski, bonyeza, subiri ikwambie salama.

5. Washa File History ikufanyie zinazofuata

Andika "Control Panel" kwenye sehemu ya kutafuta, ingia "System and Security", kisha "File History". Hadidiski ikiwa imechomekwa itaiona yenyewe, bonyeza "Turn on". Kuanzia hapo ina kawaida ya kunakili kila baada ya saa moja kile kilichobadilika, na uzuri wake inatunza matoleo ya nyuma, yaani ukiharibu sura ya pili ya risachi Jumanne unaweza kuchukua ile ya Jumatatu. Hicho kitu System Restore hakupi.

Ingia "Advanced settings" ubadilishe muda wa kutunza, maana imewekwa itunze milele na diski itajaa. Chagua "Until space is needed".

Angalizo: kwenye Windows 11 inabeba zile folda za kawaida tu. Usidhani Downloads imo, wala folda yako ya D:. Unayotaka iongezwe bonyeza kulia, "Show more options", "Include in library", chagua mojawapo. Ni usumbufu, sijui kwa nini waliondoa kile kitufe cha zamani, ila ndiyo njia.

Na diski isikae imechomekwa siku nzima. Virusi vya kufunga mafaili vinavyodai pesa vinafunga kila vinachokiona, hadidiski yako ikiwepo nayo imo, na huwa vinafuta kwanza zile nakala za kurudishia za Windows makusudi usipate pa kukimbilia. Mimi nachomeka jioni Jumatano na Ijumaa nikiwa nafunga hesabu, naingia File History nabonyeza "Run now", nakunywa chai, nachomoa, inaingia kabatini.

6. Nakala moja itoke nje ya nyumba

Hadidiski na laptopu vikikaa begi moja ni kama huna bakapu. Kuna kijana alishuka stendi ya Nyegezi akageuka kulipa bodaboda, kurudi begi hakuna: laptopu, chaja, hadidiski, vyote. Alikuwa na bakapu nzuri tu jamani, shida ilikuwa ndani ya begi.

Kwa hiyo yale muhimu tu (risachi, hesabu, vyeti vilivyoskaniwa, picha ambazo huwezi kupiga tena) yapandishe Google Drive. Bure wanakupa GB 15, ila kumbuka ni za pamoja na barua pepe zako na picha za simu. OneDrive bure ni GB 5. Kama bando linakuuma pandisha usiku wakati lina bei nafuu, au nunua flashi ya pili halisi uiweke kwa ndugu, awe Ukerewe, awe Magu, kila ukienda msibani au harusini mnabadilishana.

Kitu kimoja: Drive na OneDrive zikiwa zinaunganisha folda, ukifuta huku na kule linafutika. Lipo kwenye takataka zao siku 30, baada ya hapo kwaheri. Ndiyo maana hadidiski ya kabatini bado ni lazima.

7. Sasa ndio uwashe vitufe vya kurudisha

Tafuta "Create a restore point". Kwenye kompyuta nyingi utakuta C: imeandikwa "Off", miaka yote mtu anajua anayo kumbe haijawahi kuwaka. Bonyeza "Configure", "Turn on system protection", ipe asilimia 5 hadi 10 ya diski, kisha "Create" uipe jina. Fanya hivyo kila unapotaka kuweka programu mpya au draiva ya printa, printa ndizo zinaongoza kwa fujo.

Alafu flashi ya kuokolea: tafuta "Recovery Drive", acha alama ya tiki kwenye ile ya kubeba mafaili ya mfumo, chagua flashi, endelea. Inachukua muda mrefu.

Na INAFUTA KILA KITU kwenye flashi. Mimi mwenyewe, fundi, nilichomeka flashi ya picha za harusi ya dada yangu nikidhani ni ile nyeusi nyingine. Onyo lilitokea, nikalisoma kabisa, nikabonyeza "Next" maana nimeshazoea kubonyeza. Picha tulizookoa ni zile zilizokuwa zimetumwa WhatsApp, ukizikuza nyuso zinakuwa kama zimepigwa kwenye ukungu wa ziwani asubuhi. Dada bado anazitaja.

8. Siku kompyuta imegoma

Usianze na Reset. Fuata huu mpangilio.

Iwashe, ikianza kuonyesha vidoti vinavyozunguka shikilia kitufe cha kuwashia mpaka izime. Rudia. Kawaida kwenye ya tatu inakuletea yenyewe ukurasa wa bluu wa kuokolea. Kama inafika kwenye sehemu ya paswedi basi ni rahisi zaidi, shikilia Shift huku unabonyeza "Restart". Ukigoma kabisa kuja, chomeka ile flashi ya hatua ya 7 uwashie kwayo.

Ingia "Troubleshoot", "Advanced options". Jaribu "Startup Repair". Ikishindwa, "System Restore". Kama iligoma baada ya apdeti, "Uninstall Updates". Haya yote mafaili yako hayaguswi.

Yakishindikana yote, na kama bakapu yako ni ya zamani au huna, toa mafaili kwanza. Hii njia wengi hawaijui: hapo hapo kwenye "Advanced options" chagua "Command Prompt", andika notepad, bonyeza Enter. Inafunguka Notepad ya kawaida. Bonyeza File, kisha Open, pale chini palipoandikwa "Text Documents" badilisha iwe "All Files". Hicho kidirisha sasa ndio njia yako ya kuingia kwenye mafaili. Nenda "This PC", tafuta diski yenye folda ya Users (herufi zinaweza kuwa zimehama, C: ikawa D:, usishtuke), bonyeza kulia kwenye folda yako, Copy, nenda kwenye hadidiski ya nje, Paste. Usitegemee kuona ule mstari wa kijani wa kuonyesha imefika wapi, inaweza kukaa kama imeganda na kumbe inafanya kazi. Subiri, angalia taa ya diski. Utaona pia diski inaitwa X:, hiyo ni ya muda, ukizima imepotea, usiweke kitu huko.

Ukishatoa ndio uende "Reset this PC". Utaulizwa "Keep my files" au "Remove everything". Ya pili jina linajieleza. Ya kwanza ndio mtego wenyewe: inabakiza vya kwenye folda yako, Documents, Pictures na wenzake, ila programu zote zinaondoka, na data iliyokuwa imejificha ndani ya Program Files usiihesabu.

Mama mmoja mfanyabiashara wa dagaa pale Mwaloni Kirumba alibonyeza hiyo "Keep my files" kwa kuambiwa na mtu kwenye simu. Picha za wajukuu zipo, barua zipo, akafurahi. Programu ya wadeni haipo. Alipoileta kwangu ilikuwa imeshatumika wiki kadhaa, nikatafuta kote, hakuna. Kilichomuokoa ni kaunta buku, lina magamba ya dagaa katikati ya kurasa na harufu yake, limelowa pembe moja. Alikaa na binti yake kwenye meza yangu siku tatu, mama anasoma, binti anaingiza: "gunia nne, Jumapili, amelipa nusu... hapa siyaoni, haya ruka, huyu ni mkwe atasema mwenyewe." Sikuwatoza pesa ya meza.

Ikigoma, angalia hapa

File History inasema diski imekatika. Mara nyingi ni waya. Badilisha tundu, badilisha waya, kisha rudi "Select drive" uichague tena. Herufi ikibadilika nayo inaichanganya.

Hadidiski haionekani kabisa. Bonyeza kulia kwenye kitufe cha Start, "Disk Management". Ikiwepo ila haina herufi, ipe herufi. Ikikuambia uifomati na ndani una vitu, kataa, mpelekee mtu anayejua.

Hadidiski inalia tik tik tik. Zima. Usiiendeshee programu yoyote ya kukarabati, usiipige pige mezani kama redio. Kila dakika inayozunguka inaweza kuwa inajikwangua.

System Restore inasema hakuna pointi hata moja. Ilikuwa Off. Hakuna la kufanya leo, rudi hatua ya 7 ukishapona.

Reset inafika asilimia fulani inakataa. Mafaili ya mfumo yenyewe yameharibika, washia kwenye flashi ya kuokolea. Ukiwa na intaneti nzuri kuna "Cloud download", ila inavuta zaidi ya GB 4, usiianze na bando la buku.

Inadai ufunguo wa tarakimu 48 na hukuuandika. Kwa simu ya mtu ingia kwenye ile anwani ya hatua ya 2 na akaunti zako zote, hata ile ya zamani uliyofungulia shule. Kama laptopu ilinunuliwa imetumika, mpigie aliyekuuzia, inawezekana iko kwenye akaunti yake.

Nimefuta faili na bakapu sina. Acha kuitumia hiyo kompyuta sasa hivi, usipakue kitu, usiweke programu. Tumia Recuva au Windows File Recovery ukiwa umeiunganisha diski kwenye mashine nyingine, na kinachopatikana kihifadhi kwenye diski tofauti. Kama ni SSD (diski za kisasa zisizozunguka) matumaini ni madogo, zina tabia ya kusafisha zenyewe sehemu iliyofutwa, inaweza kuwa ndani ya dakika chache. Kabla hujalia fungua WhatsApp na barua pepe, tafuta kama ulishawahi kumtumia mtu hilo faili, msimamizi wako wa risachi anaweza kuwa na nakala ya mwezi uliopita bila hata kujua.